Bartholomew Wathome Anaondoka, Koplo Bado Yuko Juu ya Mawe

Bwana Katibu Mutunga, naanza na wewe. Nani alikutuma ufagie gereji? Ulisema wageni wanakuja Ijumaa na sakafu lazima ing'ae. Ukatoa amri Jumatatu asubuhi, ukaingia kwa gari lako ukarudi Syokimau. Sakafu iling'aa, hiyo sikatai. Lakini vile vyuma vilivyokuwa vimepangwa juu ya gunia, kimoja baada ya kingine, vilizolewa vyote vikatupwa ndani ya karai kama maganda ya viazi. Ile ilikuwa giaboksi ya lori letu, Koplo. Mtu mzima na tai shingoni anashindwaje kutofautisha takataka na kazi ya mtu? Keti hapo mbele na usihame kiti, maana nitakurudia kabla hujaonja soda.

Sasa niandike kama nilivyoagizwa.

Mzee Bartholomew Wathome amefanya kazi katika Ushirika wa Maji wa Wendo, hapa Ekalakala, Kaunti ya Machakos, kwa miaka arobaini na moja na miezi kumi na mmoja. Aliingia mwezi wa Machi 1984 na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Februari 2026. Cheo chake ni fundi mkuu. Kwa miaka mingi alikuwa pia fundi mdogo, fundi wa kati na mfukuza mbwa, kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine.

Halmashauri ilitaka wasifu huu wa programu ya sherehe uandikwe na mtu wa ofisi. Wathome akakataa. Akasema, "Aandike Mukai wa stoo. Hao wengine wataandika uongo mzuri." Basi mimi ndiye Mukai wa stoo, yule mnayemwita Susu, yaani nyanya, mkitaka kitu na msiyemwita chochote mkishapata. Nilisoma mpaka darasa la nne. Ukiona herufi imekaa vibaya, imeze na chai. Nimemzidi Wathome miaka miwili, na kama unajiuliza kwa nini yeye anastaafu na mimi nimebaki, ni kwa sababu hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniomba kitambulisho, na sasa wamechelewa.

Naandika leo Alhamisi asubuhi. Peris wa ofisi amesimama mlangoni anasubiri karatasi akaipige chapa, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Peris, wacha kunihemea shingoni. Na usikate mstari hata mmoja.

Wathome alizaliwa upande wa Wamunyu, katika familia ya wachonga vinyago. Baba alichonga, wajomba walichonga, kila mtu pale nyumbani alikuwa na tezo na kigogo cha mti. Yeye mikono yake ilikataa mbao ikataka chuma. Alienda Mlolongo kujifunza ufundi kando ya Barabara ya Mombasa, chini ya malori ya watu, na huko hakuna aliyempa cheti. Alipewa makovu. Mwaka ule wa njaa, Ushirika ulipokuwa ndio umepata lori, mwenyekiti wetu wa kwanza alienda kumtafuta aje arekebishe gia kwa siku moja. Wathome alikuja na mkate nusu na spana tatu zilizofungwa kwa kitambaa. Hiyo siku moja ndiyo inaisha kesho.

Kwa wageni ambao hawajui, Koplo ni lori letu la maji. Ni gari la jeshi la zamani, lilinunuliwa kwa mnada, na likaja na filimbi, sanduku la chuma na soksi moja. Mlangoni lilikuwa na mistari miwili myeupe. Mzee mmoja aliyewahi kuvaa sare akaiangalia akasema, "Huyu ni koplo, msimwite gari." Tukamwita Koplo. Tumempaka rangi ya buluu mara nne na bado ule ukijani wa jeshi unachungulia. Anabeba lita elfu nne kutoka kwa tangi letu mpaka vijiji vya juu ambako bomba halijafika, na nasikia kwamba liko njiani tangu wajukuu wangu hawajazaliwa.

Gia za Koplo hazikuja na ulaini wa magari ya siku hizi. Ukitaka kushuka gia unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachilia klachi, unamwongezea moto kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukiruka hatua moja anapiga kelele mpaka kuku wa jirani wanahama. Wathome aliwafundisha madereva wote kwa kupiga mlango na kiganja. Pa. Kimya. Pa-pa. Dereva aliyeshika ule mdundo alipewa ufunguo. Aliyeshindwa alipewa ndoo akaoshe tangi. Nimeona wanaume wenye leseni kubwa wakilia jasho kwa sababu ya kile kiganja.

Nimeinuka kidogo kwenda kuangalia gereji kama Koplo ameshuka. Bado. Narudi kuandika.

Mnaona, siwezi kukaa. Na Wathome ndiye hawezi kabisa. Kwa miaka hii yote sijamwona akinywa chai ameketi. Anachukua kikombe mkononi, anazunguka Koplo, anainama, anagonga kitu, anasikiliza, anakunywa funda moja, anazunguka tena. Chai yake nimeikuta juu ya tairi, juu ya betri, mara moja ndani ya kofia yake mwenyewe. Nikimwambia, "Wathome, kaa kama mtu," ananijibu, "Nitakaa Koplo akikaa." Ndiyo hapo sasa nikaona taabu ya wiki hii inatoka wapi, maana Koplo amekaa, na huyu mzee ndio amezidi kuzunguka.

Lakini kwanza niwaambie habari ya Twiga, la sivyo hamtaelewa kosa la katibu.

Mwaka wa 1991 Wathome alikosea. Ndiyo, alikosea, na ni yeye mwenyewe aliniambia niandike. Plet ya klachi ni sahani ya duara inayokaa kati ya injini na giaboksi, na lazima ikae katikati kabisa, isihame hata unene wa ukucha. Isipokaa katikati, mti wa chuma wa giaboksi hauingii. Siku hiyo alikuwa na haraka, watu wa juu walikuwa hawana maji, akaipima plet kwa jicho. Giaboksi ikakataa kuingia. Akaita wanaume sita wakaisukuma kwa nguvu. Ikaingia. Plet ikapinda. Koplo akakaa juu ya mawe siku tisa, na huko juu watu wakachimba mchanga wa mto kwa vibakuli kutafuta maji. Siku ya tisa ndiyo Wathome alipeleka maji mwenyewe, na kina mama wakachota bila kumwambia neno. Hakuna aliyemtukana. Aliniambia heri wangemtukana.

Akaenda kwao Wamunyu kwa mjomba wake. Akamwambia, "Nichongee kijiti cha mpingo, kipite katikati ya plet mpaka kile kitundu cha injini, kikae kama kidole ndani ya pete." Akampa vipimo vyote. Mjomba akachonga, na kazi ikatoka sawa kabisa, lakini yule mzee alikuwa amechonga wanyama wa watalii miaka thelathini na mikono yake haikujua kuachia kijiti bila kichwa. Akakiwekea kichwa cha twiga. Na masikio. Na zile pembe mbili fupi. Wathome alipokitoa hapa kwa gunia, gereji nzima ilianguka kwa kicheko. Dereva mmoja akamuuliza kama mwakani mjomba atatuchongea jeki yenye kichwa cha kifaru.

Twiga huyo ndiye ameweka kila plet ya Koplo katikati kwa miaka thelathini na mitano. Unamshika kichwa, unamwingiza shingo, unakaza bolti, unamtoa, kisha giaboksi inaingia ikiteleza na wanaume wanne wanashangaa wameitiwa nini. Kitundu cha injini kimelika kidogo upande mmoja, na Twiga naye amelika upande huohuo, wamezeeka pamoja. Hakuna kijiti kingine duniani kinachoingia pale.

Pia kuna sheria ya gunia. Wathome akifungua mashine, kila chuma kinakuja kwangu, nakiosha na mafuta ya taa, nakikausha, namrudishia, naye anakilaza juu ya gunia kwa mpango wake: cha kwanza kutoka kinalala kushoto kabisa, cha mwisho kulia. Haandiki. Kitabu cha jeshi cha Koplo kililiwa na mchwa zamani, wakabakisha jalada. Kwa hivyo gunia ndilo kitabu. Na gunia halirukwi. Kama vile huwezi kumruka mtu aliyelala, basi huwezi kuruka gunia la Wathome, na ukiruka utarudi ulikotoka kwa njia ileile. Aliwahi kumrudisha mheshimiwa mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akamwambia, "Samahani mkubwa, umemruka mgonjwa."

Aliyejaribu sheria hiyo kwa nguvu ni mbuzi. Dayib, mnayemjua nyote, ananunua na kuuza mifugo pale sokoni na ni mwanachama wetu wa siku nyingi, alikuwa akipitisha mbuzi wake hapa nyuma. Mmoja akaingia gereji akatafuna pembe ya gunia. Akavuta. Vyuma vikatawanyika. Wathome hakupiga mbuzi. Alimvutia Dayib ndoo akamwambia aketi, wakavipanga pamoja kimoja kimoja mpaka Dayib akaomba ruhusa ya kwenda kuswali alasiri. Aliporudi akaketi tena kwenye ndoo ileile bila kuambiwa. Walipomaliza Dayib akasema, "Fundi, huyu mbuzi amefungua giaboksi haraka kuliko wewe. Mwandike kazi." Tangu hapo ni marafiki wa kutukanana kila asubuhi. Dayib anamwita mzee wa vyuma, Wathome anamwita baba wa mbuzi, na siku mmoja akikosa kupita mwingine anatuma mtu kuuliza kama ni mgonjwa.

Nimeenda tena kuangalia. Bado. Ndinda, fundi mwenzake, amekaa juu ya tairi, amekunja mikono. Wathome anazunguka.

Basi wiki hii ilikuwaje. Mwezi uliopita, tarehe 29, Koplo akipanda na maji, gia ya tatu ilianza kuruka yenyewe. Dereva anaiweka, inatoka. Halafu klachi ikateleza, injini inalia, magurudumu hayaendi, na harufu ya kuungua ikajaa bondeni. Alirudi nyuma pole pole mpaka barabara ya chini, akamwaga nusu ya maji ili afike nyumbani. Tukamweka juu ya mawe.

Kwanza tulingoja seti nzima ya vipuri vya klachi na giaboksi wiki mbili na nusu. Vilipofika, Wathome na Ndinda wakashusha giaboksi. Ndinda ndiye fundi mpya tuliyeletewa mwaka juzi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, ana cheti cha chuo, na alipofika mimi nilisema wazi kwamba ana kucha ndefu. Alizikata siku ya pili. Sijawahi kumwomba msamaha na leo pia siombi, lakini nimesema.

Waliona ubaya uko wapi. Sili ya mbele ya giaboksi, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa inavuja, oili ikalowesha plet, plet ikateleza mpaka ikaungua ikabaki misumari yake tu. Na ndani ya giaboksi kuna ringi tatu nyembamba zinazobana gia zisitembee. Moja ilikuwa imelika. Ndiyo maana gia ya tatu ilikuwa inaruka. Mtu wa haraka angeweka plet mpya aende zake, na mwezi wa nne tungekuwa tumerudi hapahapa. Wathome alisema kila kitu kitoke, kila kitu kioshwe, kila kitu kirudi. Ijumaa iliyopita vyuma vyote vilikuwa vimelala juu ya gunia, safi, na zile ringi tatu, mpya moja na nzima mbili, kila moja mahali pake. Zinafanana kama pacha, lakini unene unatofautiana, na ukikosea gia inaruka tena. Twiga alikuwa amelala pembeni anasubiri zamu yake.

Jumatatu mkafagia.

Sasa hapa nasema kitu ambacho Wathome hakuniambia niandike. Alidhani sikuona. Mwezi wa kumi na moja aliniomba spana ya nusu inchi, na mimi, kwa sababu nilikuwa nabishana na mtu, nikampa ile inayofuata kwa ukubwa. Aliishika, akatembea nayo mpaka kwa gari, akainama. Hakujua mpaka bolti ilipokataa. Huyu ni mtu ambaye ningemrushia spana kwa mgongo akataja kipimo chake kabla haijatua vizuri mkononi. Nikaanza kumwangalia. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havisikii tena. Daktari alimwambia ni mishipa, na kwamba asilale tena chini ya gari wala asiinue kitu kizito. Hiyo ndiyo sababu anastaafu. Wale mnaonong'ona ati amechoka na kazi, fungeni midomo. Kazi hajaichoka. Vidole ndivyo vimemwacha.

Jumanne akaletewa lile karai. Akachagua gia, hizo zina meno, zinajulikana kwa macho. Akapanga shafti, beringi, uma za gia. Halafu akafika kwa ringi tatu. Akaishika ya kwanza. Akaishika ya pili. Akarudia ya kwanza. Akazihamisha mkono wa kushoto, akazirudisha. Jasho lilikuwa linamshuka na hapakuwa na joto la kuzidi.

Akamwita Ndinda. Akamwambia, "Funga macho." Ndinda akafunga. Akamwekea ringi moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndinda akasugua, akasugua tena. Akasema, "Hii nyembamba. Hii ya katikati. Hii nene, na hii nene ndiyo mpya, kingo zake bado kali." Wathome akazipeleka kwa kipimo cha chuma, kile cha kubana, nikasoma mimi namba kwa sababu miwani yake ilikuwa imeingia mafuta. Zilikuwa vile alivyosema. Zote tatu.

Wathome akasema, "Sawa." Akachukua kitambaa akageukia ukuta akafuta mikono, na mikono ile ilikuwa safi tangu zamani. Mimi nikaenda stoo kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika.

Mpaka jana asubuhi giaboksi ilikuwa imefungwa, sili mpya ndani, ukiizungusha kwa mkono inazunguka tamu, gia zote nne zinaingia na kukaa. Ikabaki klachi. Ndinda akalala chini ya Koplo na plet mpya, akanyoosha mkono, akasema, "Susu, nipatie Twiga."

Hakuna Twiga. Hayuko kwa karai, hayuko kwa gunia, hayuko kwa stoo. Nimepindua stoo yangu juu chini, kitu ambacho sijafanya tangu panya wa 2009. Wathome akakata mpini wa ufagio, ule ufagio wenu, akauzungushia tepu mpaka ukanenepa. Ukalegea. Wakainua giaboksi, kilo mia na ushee, wanaume wanne na jeki. Mti wa chuma ukauma plet ukasimama. Wakaishusha. Wakajaribu tena. Ukasimama. Mara ya tatu Dayib, aliyekuwa ameacha wanunuzi wake sokoni akaja kusaidia, akasema, "Mzee wa vyuma, tusukume tu, tumebakisha kidole kimoja." Na wale wengine wote wakasema tusukume. Wathome akaweka mkono wake mbaya juu ya giaboksi akasema, "Mwaka wa 1991 pia tulibakisha kidole kimoja. Shusheni." Wakashusha.

Jioni nikamwendea Peris kumwomba orodha ya vitu vilivyotolewa gereji. Peris, binti yangu, akaniuliza mimi kwanza kama niko na gundi, maana anabandika kadi ya kwenda na zawadi. Zawadi gani? Akasema, bila hata kuona haya, "Ya mgeni wa heshima. Katibu alipata kinyago kizuri sana hapa Jumatatu, cha zamani, kichwa cha twiga na shingo ndefu, kimeiva na mafuta. Alienda nacho kwake, mke wake akifunge vizuri."

Nilikaa chini. Mimi.

Bwana Katibu, nimekurudia kama nilivyoahidi. Unafanya kazi katika Ushirika wa watu wa Machakos, ulizaliwa hapa, umeona vinyago tangu unanyonya, kila harusi, kila mazishi, kila mzungu anayepita anapewa kinyago, na ndiyo maana sasa ukiona mbao yenye masikio unafikiri ni zawadi! Hukujiuliza kwa nini huyu twiga hana miguu? Hukushangaa kwa nini amepakwa grisi mpaka shingoni? Simu yako tumepiga tangu jana, inatuambia hupatikani, na Peris anasema uko semina, zawadi iko ndani ya gari lako, mpaka utakapokuja na mgeni Ijumaa. Ndiyo maana nimekuandika humu. Simu unaweza kuzima. Programu utasomewa mbele ya watu.

Na nyinyi wengine mlioshika ufagio mkaona vyuma vimelala kwa mpango mkasema amri ni amri, msicheke. Mnajua sheria ya gunia wote.

Niseme pia mema yake mengine, maana hii ni sherehe. Wathome amefufua pampu ya tangi mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Alitengeneza mashine ya kusaga ya kanisa na msikiti wa sokoni akautengenezea kipaza sauti, na kwa zote mbili alipokea chai, akainywa amesimama. Amefundisha madereva kumi na wawili. Hajawahi kulewa akiwa kazini. Hajawahi kunirudishia spana chafu, isipokuwa mara mbili, na tarehe ninazo. Ana hasira fupi, anavuma wimbo mmoja bila maneno ambao umenichosha tangu 1984, na akishindwa hoja anaingia chini ya gari. Mke wake Ndanu ametusamehe mara nyingi chakula kikipoa. Asante, Ndanu. Sasa anarudi kwako kutwa nzima. Mfichie spana.

Wathome, umetutumikia mpaka vidole vyako vikabaki ndani ya lile lori. Asante. Hatuna neno kubwa kuliko hilo na wewe hupendi maneno makubwa. Tunakuombea siku ndefu, kivuli kizuri, na chai unayoinywa hadi mwisho ukiwa umeketi. Najua unazunguka kwa nini. Huogopi kustaafu. Unaogopa kuondoka huku watu wa juu wanachimba mchanga, ule mwaka wa 1991 ukufuate mpaka nyumbani. Hautakufuata. Fanyeni hivi.

Msomaji wa programu akifika hapa, muziki uzimwe. Hakuna keki, hakuna hotuba, hakuna picha. Mgeni wa heshima atuwie radhi, atapewa asali, iko stoo, nimeiweka kando. Dayib na wanaume watatu wenye migongo mizima mvue makoti mwende kwa jeki. Mwenye kusema tusukume, nitamsukuma mimi. Dereva ajaze tangi la Koplo sasa hivi, tusingoje amalizwe, maana akishuka kwa mawe anaenda juu moja kwa moja, na sisi tutakula tukisikia anavyopanda.

Wathome, kiti chako kiko kando ya mlango wa Koplo, kina mto, nimekiweka mimi. Keti. Chini ya lori huingii, hata ukinikasirikia. Kiganja chako bado kinapiga mlango, hicho tu ndicho tunataka kwako leo. Twiga hataenda nawe nyumbani wala hataenda na mgeni, anabaki gereji, na anabaki kwa Ndinda.

Ndinda, tandika gunia, lala chini, nyoosha mkono.

Mutunga, simama. Chana hiyo karatasi ya maua, mshike Twiga kichwa, si shingo, uzunguke gunia usiliruke, ukampe.